Kabati la Keko

Ufunguo ninao shingoni, kwenye kamba ya kiatu,
na bado siamini.

Fundi Ngwale wa Keko ndiye aliyenipigia kabati hili,
mninga na vioo vinne, huku akicheka:
"Bi Sikudhani, vyombo vya harusi ya nani?"
Nikamwambia ni vya watu wadogo,
hawali, hawanywi, ila wanavunjika.
Akapunguza bei, sijui kwa huruma au kwa woga.

Wako ishirini na tisa.
Yule wa kauri, mwenye ufa kidevuni,
niliachiwa na mtawa wa zahanati siku anarudi kwao.
Wa plastiki, asiye na mkono,
nilimkuta Karume chini ya rundo la mitumba,
shilingi mia tano, na muuzaji akaniongezea kiatu kimoja.
Pacha wa kanga nimewashona mwenyewe,
jina la kanga likakatika katikati: *Usinione nime*,
basi, hakuna ajuaye nimefanya nini.

Na rafu ya juu, peke yake,
mwana hiti wa bibi yangu, Mwamvua binti Pazi,
aliyekaa naye ndani kule Maneromango
alipokuwa mwali, akimpaka mafuta, akimlaza ubavuni.
Kijiti tu, ungesema. Hana mikono, hana mdomo.
Lakini kichwani ana nywele,
nazo si za katani.
Ni za bibi.

Halafu akaja Mkaguzi.

Mwanangu alimleta ndani ya boksi la sabuni:
"Mama, panya wamezidi hapa Ilala."
Panya wakahama wiki ile ile.
Mkaguzi akabaki bila kazi,
na paka asiye na kazi hujitafutia ofisi.

Nimejaribu yote.
Maganda ya machungwa: akayalalia.
Ndimu kwenye kingo za rafu: akapiga chafya, akarudi.
Mama Gaudensia wa ghorofa ya chini akashauri pilipili;
nililia mimi.
Nikatandaza utepe wa gundi,
akazunguka nao sebule nzima, mguu mmoja juu,
kama mtu anayevuka Jangwani baada ya mvua.
Nikahamisha kochi asipate pa kurukia.
Akarukia begani kwangu. Kutoka begani, kabatini.

Usiku wa Jumanne Luku iliisha.
Nilikuwa nafuta vumbi, kioo wazi,
nikaenda kutafuta simu kwa kupapasa.
Nikasikia kitu kidogo kikigusa sakafu.
Si mlio wa kuvunjika; mti hauvunjiki hivyo.
Kisha kutafuna.

Nilipoingiza tarakimu, taa ikarudi,
alikuwa chini ya meza,
mwana hiti kati ya miguu yake ya mbele,
amemkumbatia, wallahi, kama mwali.
Kichwa kitupu.
Miaka sabini na ushee imepita kooni
mwa paka wa boksi la sabuni.

Sikumpiga. Nilikaa sakafuni naye.
Siku mbili nikachungulia sanduku lake la mchanga
kama mganga anayepiga ramli.
Mchanga haukusema kitu cha kurudisha kabatini.

Ijumaa nikachukua mkasi.
Nywele zangu zina mvi sasa, tena ngumu.
Nikayeyusha nta ya mshumaa,
nikabandika fungu kwa fungu,
kushoto na kulia mwa kile kifereji cha kichwani,
vidole vikiungua, Mkaguzi akinusa nta.
Mwanangu akauliza, "Mbona umemzeesha?"
Nikamjibu, mzee alikuwa tangu zamani,
nywele tu ndizo zilizokuwa za mwali.

Jumamosi nikanunua kufuli.

Sasa Mkaguzi hulala juu ya kabati,
mkia umening'inia mbele ya kioo,
unampangusa yule wa kauri usoni bila kumgusa.
Nikiamka usiku kunywa maji
nakuta macho mawili ya kijani pale juu,
na hayaangalii kabati tena.
Yananitazama kichwani.

Nimeanza kulala na kilemba.